Hati Tisa za Morne Delis

Hati tisa za wito za kijiji cha Morne Delis, kule kilimani, hazikupelekwa na Alban Cadore, ingawa kiapo chake kilisema amezipeleka, kila moja mkononi mwa mwenyewe, tarehe kumi na nne Desemba, kati ya saa tatu asubuhi na saa nane mchana. Karatasi ya kiapo aliijaza nyumbani, amekaa barazani na ndara miguuni, chai ya kakao ikipoa pembeni. Mkewe, Merle, alimwona akiandika saa za uongo. Alikichukua kile kikombe, akakipeleka jikoni na kukiosha. Kesho yake Alban akavaa suti, akaenda mahakamani, akaweka mkono juu ya Biblia mbele ya karani, akaapa.

Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mpeleka hati wa mahakama ile. Kila kikao cha kesi za jinai kilipokaribia, yeye ndiye aliyewaita raia waje kukaa kwenye juri, lile jopo la raia linaloamua hatia, na kisiwani kwao watu walijua kwamba Cadore akikutafuta atakupata. Aliwahi kumfuata mvuvi hadi ndani ya maji, suruali imekunjwa magotini, akamkabidhi hati yake. Aliwahi kumsubiri mwenye duka nje ya choo. Sheria ilitaka karatasi iguse mkono wa mhusika, na Alban alikuwa akiwaambia makarani wapya kwamba sehemu hiyo ya sheria ndiyo inayomfanya mtu ajue serikali imemwita yeye, si jirani yake. Alikuwa na daftari lake mwenyewe la majina, safu mbili: upande huu jina la ubatizo, upande ule jina la mtaani. Pale kwao mtu anaweza kuishi miaka sabini akiitwa Kaka Ndizi na hata kasisi asijue alibatizwa nani. Cadore alijua.

Daftari hilo hakulifungua siku ile ya Desemba.

Siku ile alifika njia panda chini ya kilima, penye duka la ramu la Verlyn, ambaye kila mtu alimwita Tanti, yaani shangazi, akakuta basi halipandi. Dereva alisema korona imefika juu, kilimani kote watu wanakohoa. Alban alisimama pale na mkoba wake wa ngozi, akakitazama kilima, barabara ya zege iliyopasuka ikipanda kati ya minazi na mikungumanga. Alikuwa ameipanda mara nyingi kuliko kuhani. Kisha akaingia dukani.

"Tanti, watu wa juu si wanapita hapa wote?"

"Nani asiyepita hapa? Hata mchungaji anapita, ila yeye anapitia mlango wa nyuma."

"Basi nisaidie. Hizi ni tisa. Mpe kila mtu yake."

Tanti Verlyn alizitazama zile karatasi bila kuzigusa. "Tangu lini Cadore anatuma mtu?"

"Merle ana pumu, Tanti. Nikimpelekea ugonjwa nyumbani, nitajisamehe vipi?"

Ilikuwa kweli kwamba Merle alikuwa na pumu. Lakini asubuhi ile ile Merle ndiye aliyempa barakoa mbili na chupa ya dawa ya mikono, akamwambia, "Simama mbali, nyoosha mkono, rudi nyumbani." Aliyeogopa hakuwa Merle. Alban ndiye aliyekuwa ameona kwenye televisheni mzee wa umri wake amelazwa kifudifudi, bomba mdomoni, na tangu siku hiyo kila mlango wa mtu alioukaribia aliona kama unampumulia. Nyumba za mjini alizimaliza kwa kujilazimisha. Kilima kikamshinda. Na aliposhindwa, alimtanguliza mkewe mgonjwa mbele yake kama ngao, akafanya hivyo mbele ya mwanamke anayeuza ramu, ambaye alimwitikia kwa heshima, "Haya, mpe pole Merle."

*

Kesi iliyokuwa ya kwanza kwenye orodha ilikuwa ya Kerwin Bhola. Kijana huyo alikuwa rumande tangu Juni ya mwaka 2018, akishtakiwa kwa kumkata mtu panga kwenye tamasha. Alisema hakuwapo. Mashahidi wawili walisema alikuwapo, wengine watatu walisema la. Kesi yake ilipangwa Machi 2020, na wiki moja kabla ya siku hiyo mahakama zikafungwa kwa sababu ya korona. Sasa ilikuwa Januari 2021, na jaji, ambaye huzunguka visiwa vinne, alikuwa amepewa wiki tatu tu hapa kabla hajapanda ndege kwenda kisiwa kingine.

Mama yake Kerwin, Ignatia Bhola, aliuza mikate ya kukaanga na samaki wa chumvi kwenye kona ya mahakama. Alihamia pale makusudi baada ya mwanawe kukamatwa, ili awe karibu na habari. Alban alinunua mkate kwake kila asubuhi.

"Bwana Cadore," alimuuliza siku ya Jumatatu, "safari hii watakuja?"

"Watakuja, Mama. Aliyewaita ni mimi."

"Basi nimetulia. Nilimwambia Kerwin kwenye simu, nikamwambia anayewaita ni Cadore mwenyewe." Akamwongezea kipande cha samaki ambacho hakukilipia.

Alban alikula mkate ule akiwa amesimama nyuma ya jengo, kando ya mapipa ya taka, mtu asimwone. Kile kipande cha samaki alikirudisha ndani ya karatasi.

*

Ukumbi wa mahakama ulikuwa mdogo mno kwa masharti mapya, kwa hiyo msajili alikodi jengo la zamani la kuchambulia kungumanga, mkabala na bandari. Ijumaa, siku kumi kabla ya kesi, watu wote wa orodha ya juri waliitwa waje kufundishwa mambo yatakavyokwenda. Sakafu ya mbao ilikuwa imesuguliwa, lakini harufu ya kungumanga ilikuwa imeingia ndani ya kuta miaka themanini na haikutaka kutoka. Viti vya shule vilipangwa mita mbili mbili, kila kimoja ndani ya mraba wa chaki. Mbele kulikuwa na meza ya jaji nyuma ya kioo cha plastiki, na kibanda cha mshtakiwa kilichotengenezwa juzi na seremala, bado kinanuka gundi.

Mlangoni alisimama karani mpya, binti aitwaye Jocelyn, aliyeanza kazi Septemba. Alikuwa akiwapima watu joto kwa kifaa cha mkononi na kuwaonyesha viti.

"Binti, usinilenge hivyo," alimwambia Septimus, mkaushaji kakao wa Morne Delis. "Mara ya mwisho mwanamke kunilenga kwenye kipaji, nilimwoa."

"Thelathini na sita nukta nne. Kiti ishirini na tisa, mzee."

"Na hiyo juri itajadiliana wapi?"

"Juu, darini. Kuna hewa."

"Walikokuwa wakikaushia kungumanga? Wiki mbili tu tutatoka huko tunafaa kukunwa kwenye uji."

Watu walicheka ndani ya barakoa zao. Alban hakucheka. Alikuwa amesimama ukutani katika suti yake ya kijivu, na macho yake yaliwahesabu watu wa Morne Delis wakiingia mmoja mmoja. Watano. Sita. Septimus alimpungia mkono kana kwamba wameonana mwezi uliopita nyumbani kwake. Saba. Wa nane alikuwa Sista Philomena, mwanamke wa Kisabato anayefuma vikapu, aliyevaa nyeupe mpaka kwenye viatu. Alban alisubiri wa tisa. Mlango ukafungwa.

Msajili, Bi Hyacinth Mapson, alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita. Alipokuja mahakamani akiwa karani mdogo, Alban ndiye aliyemfundisha kukunja hati ya wito ili jina lionekane bila kufunguliwa. Mpaka leo alikuwa akisimama kila Alban alipoingia ofisini kwake. Pembeni yake walikaa mwendesha mashtaka na wakili wa utetezi, Bwana Lalgee, waliokuja kukagua ukumbi.

"Watu sitini waliitwa," Bi Mapson alisema kwenye kipaza sauti kilichofungwa nailoni. "Kumi na sita wamesamehewa, kwa umri au kwa ugonjwa. Jaji ametaka wasipungue arobaini, kwa sababu mawakili wana haki ya kukataa baadhi yenu. Orodhani wamebaki arobaini na wanne. Nikikuita, simama, usisogee."

Aliita majina. Watu walisimama na kukaa. Alban aliyasikia yakikaribia kama mtu anayesikia nyayo kwenye ngazi.

"Purcell, Eudora."

Mwalimu wa shule ya msingi ya mjini alisimama, gauni jeusi, akakaa.

"Purcell, Raphael Augustin."

Hakuna aliyesimama. Bi Mapson akaliita tena. Watu wanane wa Morne Delis walikuwa wakizitazama chaki za miraba yao.

Eudora alisimama tena, polepole. "Samahani, Bi Msajili. Huyo ni kaka yangu. Ni Bravo. Tulimzika Novemba, tarehe ishirini na mbili."

Minong'ono ikapita. Kila mtu kisiwani alimjua Bravo, aliyewahi kurusha mpira wa kriketi hadi paa la kanisa. Jina la Raphael Augustin wengi walikuwa wanalisikia kwa mara ya kwanza. Alban, pale ukutani, hakuwa miongoni mwao. Jina lile lilikuwamo daftarini mwake, safu ya kushoto, na kulia kwake Bravo, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Bi Mapson alifunua jalada. Alisoma, akageuza ukurasa, akarudi. "Hapa pana kiapo kwamba alikabidhiwa hati mkononi tarehe kumi na nne Desemba." Alinyanyua macho. "Bwana Cadore?"

Palikuwa na nafasi, fupi kama ya mtu kuvuta pumzi, ambayo angeweza kusema kweli. Badala yake mdomo ulijisemea wenyewe.

"Nilimkabidhi mwanamume aliyeniambia kwamba ndiye."

"Mwanamume yupi?" Eudora alimgeukia. Hakuwa na hasira. Ndilo lililokuwa baya. Alimtazama kama anavyotazama mtoto aliyemjua kuwa msema kweli. "Nyumba ile haina mwanamume, Bwana Cadore. Yumo mjane na wasichana wawili. Na wewe ulipokuja kunipa hati yangu, pale getini shuleni, ulivua kofia ukanipa pole ya Bravo."

Kweli alivua kofia. Aliikumbuka mvua ikimnyeshea kipara.

Kisha Bi Mapson, kwa sauti ya upole aliyokuwa akiitumia kwa mashahidi wazee, akasema, "Huenda kosa ni la ofisini. Orodha ilichapwa upya Desemba. Karani wetu bado ni mgeni, huenda jina limeingia kwenye fomu isiyo yake."

Jocelyn, mlangoni, aligeuka na kile kipima joto mkononi. Alifungua mdomo nyuma ya barakoa, kitambaa kikaonekana kikiingia ndani, akaufunga. Alimtazama Alban, maana ndiye mkubwa wake, ndiye anayejua.

Na Alban akanyamaza. Hakumlaumu binti yule. Alinyamaza tu, akaacha maneno ya Bi Mapson yakae pale hewani, na kadiri yalivyokaa ndivyo yalivyozidi kufanana na ukweli. Baadaye, alipokuwa akikumbuka siku ile, hakuna kilichomchoma kama kimya hicho. Uongo wa Desemba aliufanya kwa woga. Uongo wa dakika iliyopita ulimtoka kwa mazoea. Kile kimya alikuwa amekichagua.

Wakili Lalgee alisimama. Alikuwa mtu mnene, mchovu, suti yake imepauka mabegani. "Bi Msajili, kabla hatujamtwika mzigo binti wa watu. Kiapo hiki kina majina tisa ya Morne Delis. Wanane wako hapa. Tuwaulize tu hati zao zilifikaje."

"Ni lazima, Bwana Lalgee?"

"Mteja wangu amekaa ndani miaka miwili na nusu. Hakuna anayetaka kesi hii kuliko mimi. Lakini akitiwa hatiani na juri ambayo haikuitwa kisheria, nitajibu nini kwa mama yake? Na akiachiwa, mwenzangu hapa atakata rufaa kwa sababu hiyo hiyo."

Mwendesha mashtaka aliitikia kwa kichwa.

Bi Mapson akashika kalamu. "Bwana Septimus Noel. Hati yako ulipewa na nani?"

Septimus alisimama. Alivuta muda kidogo kuunyoosha mgongo. "Na Bwana Cadore."

"Mkononi?"

"Mkononi. Tena nilimwambia kaa unywe maji, mzee, umepanda kilima. Akakataa. Unajua alivyo."

Septimus alikaa bila kumtazama Alban.

Wa pili alikuwa dereva wa lori. "Cadore. Mkononi." Wa tatu, mke wa yule dereva, alisema vivyo hivyo. Wa nne akaongeza kwamba mbwa wake alimbwekea. Walikuwa wanazungumza kawaida, kila mmoja akichukua alichoacha mwenzake, kama watu wanaopokezana ndoo za maji nyumba ikiungua. Hawakuwa wamepanga, hawakuwa na nafasi ya kupanga. Ila walikuwa wamekaa pale wakamwona mzee wao amesimama uchi mbele ya wageni, na kila mmoja alikuwa anavua nguo yake amfunike.

Wa tano alikuwa msichana, Shanelle, anayefanya kazi hotelini. Alisita. Alimtazama Alban, na machoni mwake Alban aliona kwamba anamwonea huruma. Miaka thelathini na mmoja watu walikuwa wamemwogopa, wamemkimbia, wamemtukana, wamemheshimu. Hakuwahi kuhurumiwa. "Mkononi," Shanelle alisema, kwa sauti ndogo.

Wa sita. Wa saba.

Jumatatu ya wiki ile nyingine, Alban aliwaza, watu hawa watawekewa Biblia mbele yao waape kumpima mwenzao kwa haki. Na wametoka tu kusema uongo, wote saba, mbele ya mahakama, kwa ajili yangu. Kina Septimus wanaweza kuuchekea uongo wao jioni kwenye duka la Verlyn. Lakini aliyebaki alikuwa Sista Philomena.

"Sista Philomena Alexis. Hati yako ulipewa na nani?"

Alisimama. Mikono yake, iliyokatwakatwa na ukindu, iliubana mfuko wake mweupe. Mwanamke huyu alikuwa amekataa kuuza kikapu Jumamosi hata kwa watalii wa meli. Siku moja alishuka kilima kizima kumrudishia Tanti Verlyn chenji iliyozidi. Alimtazama Septimus, akamtazama Shanelle. Hakumtazama Alban. Midomo yake ilianza kutembea nyuma ya barakoa, na Alban akaelewa kwamba anaomba msamaha mapema kwa neno atakalolisema.

"Sista," Alban alisema, "kaa."

"Bwana Cadore, subiri ajibu," alisema Bi Mapson.

"Hapana, Bi Mapson. Sikupanda Morne Delis."

Alitoka ukutani. Hakukuwa na mraba wa chaki kwa ajili yake, akasimama katikati ya njia.

"Hati zote tisa niliziacha kwenye duka la ramu, njia panda. Sikumwona hata mmoja wa watu hawa. Kiapo ni cha uongo, saa zilizoandikwa ni za uongo. Jocelyn hakukosea jina lolote." Akanyamaza, kisha akajilazimisha kuendelea, kwa kuwa bado palikuwa na mahali pa kujificha na alipaona. "Nilimwambia mwenye duka kwamba ni kwa sababu ya pumu ya mke wangu. Halikuwa hilo. Mke wangu aliniambia niende. Niliogopa."

Sista Philomena alikaa, akafumba macho.

"Na hawa saba," Alban alisema, "walikuwa wananisitiri. Nakuomba usiandike majibu yao."

Bi Mapson alikuwa ameshaandika. Alilifunga jalada lake. Alipozungumza, kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakumwita kwa jina. "Nitalazimika kumpelekea Jaji," alisema. "Yote."

"Najua."

"Ulinifundisha wewe," alisema, lakini kwa sauti ambayo kipaza sauti hakikuichukua.

Nje, Septimus alimfuata hadi kwenye ukuta wa bandari. "Mzee, sasa kwa nini? Tulikuwa tumeshafika."

"Hati ya Bravo iko wapi?"

"Iko kwa Verlyn, chini ya kaunta. Alisema ataijia Cadore mwenyewe, maana yeye anajua Raphael ni nani." Septimus alitema mate baharini. "Ungetuma salamu tu, tungeshuka wenyewe. Tungesimama pale barabarani mita mbili mbili, ukatugawia. Ulidhani tutakukoholea?"

Hilo la kuwaita washuke halikuwahi kumjia Alban kichwani. Kuomba kitu kutoka kwa watu aliozoea kuwaamuru kulikuwa mbali naye kuliko kudanganya.

*

Jaji alitoa uamuzi Jumanne kwa njia ya video. Wanane wa Morne Delis waliondolewa pamoja na jina la marehemu, orodha ikabaki na watu thelathini na watano. Kuita wengine kulihitaji siku kumi na nne kamili kabla ya kikao, na kufikia hapo siku za jaji zilizobaki zisingetosha kesi kumalizika. Kesi ya Kerwin Bhola ikaahirishwa hadi kikao cha Mei. Maombi ya dhamana yakakataliwa kama mwanzo. Kuhusu mpeleka hati, jalada lingepelekwa kwa mkurugenzi wa mashtaka. Kwa sasa akabidhi kitambulisho cha kazi.

Alban alikabidhi kitambulisho. Bi Mapson hakutoka ofisini; alimtuma Jocelyn kukipokea.

Wakili Lalgee alikuwa na ndugu wa kuzika siku ile upande wa pili wa kisiwa, na simu ya Mama Ignatia ilikuwa imezimwa kama kawaida anapokuwa kwenye mafuta, hivyo habari ilikuwa haijamfikia. Alban alisimama kwenye ngazi za mahakama na kuiona meza yake pale konani, mwavuli wa kijani, watu wanne kwenye foleni. Angeweza kupita nyuma. Angeweza kumwachia wakili kesho. Alishuka ngazi akajipanga kwenye foleni, wa tano.

Alipofika mbele, mama yule tayari alikuwa ameshika mkate. "Nikuwekee samaki?"

"Sikuja kununua, Mama. Nimekuja na habari mbaya, na mbaya wake ni mimi."

Alimweleza. Hakuifupisha. Alitaja duka la ramu, alitaja kiapo, alitaja kitambulisho, alitaja Mei. Mama Ignatia alisikiliza huku mkono wake ukiendelea kugeuza mikate ndani ya mafuta, mmoja baada ya mwingine, hata iliyokuwa haijaiva.

"Mei," alisema.

"Mei."

"Nilimwambia anayewaita ni wewe. Yeye ndiye aliyekuwa na wasiwasi. Mimi ndiye niliyembishia."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unaogopa nini hasa?"

"Kufa," Alban alisema. Aliposikia neno hilo likimtoka, mchana kweupe, kwenye kona yenye harufu ya mafuta, lilionekana dogo sana.

Mama Ignatia alifikiri. "Kule rumande, chumbani kwao wanalala kumi na wanne," alisema. "Desemba wote walikohoa. Kerwin alinipigia, akaniambia, Mama, usije, wamefunga, lakini usiogope, mahakama imeshaanza kuita watu." Alitoa mkate kwenye mafuta, akauweka kwenye karatasi, akaikunja pande zote nne. Haukuwa wa Alban. Alimpa mtu aliyesimama nyuma yake, akapokea hela, akahesabu chenji.

"Nitakwenda kumwambia mwenyewe," Alban alisema. "Ukiniruhusu. Nitaomba gerezani."

"Hawatakuruhusu tena. Si umetoa kitambulisho?"

Hilo pia hakuwa amelifikiria.

"Mimi ndiye nitamwambia," alisema Mama Ignatia. "Ataniuliza kwa nini, na nitamwambia Alban Cadore aliogopa kilima." Kwa miaka yote aliyomjua, hakuwahi kumwita Alban. "Sasa sogea kidogo. Kuna watu nyuma yako, na hawa wana kazi."

Alban akasogea. Nyuma yake walikuwa watatu: karani wa benki, mpanda pikipiki, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Walimpisha kwa heshima, wakamsalimu, "Bwana Cadore," kwa kuwa habari zilikuwa hazijawafikia. Akawaitikia. Kisha akabaki pale kando ya mwavuli, mkoba mtupu mkononi, akisikiliza Mama Ignatia akimwambia karani wa benki kwamba kesi imesogezwa, na karani akimuuliza imesogezwa na nani.

"Muulize," alisema Mama Ignatia. "Amesimama hapo."

Karani wa benki akageuka, na Alban akaanza kueleza tena, tangu mwanzo.